Futi ya Fundi na Mwili wa Mgeni

Kitenzi kupima, ambacho Kiswahili na Kinyarwanda vinashirikiana kwa tofauti ndogo tu ya matamshi, kwa kuwa Mnyarwanda husema gupima, kina maana pana: hupimwa shamba, hupimwa damu, hupimwa maneno kabla ya kutamkwa, na hupimwa mwili wa mtu anayetaka kushonewa nguo. Katika matumizi hayo ya mwisho mna swali la kimaadili ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Mtu anapomzungushia mwenzake mkanda wa namba kifuani na kuandika tarakimu katika daftari, ni nini kinachofanya tendo hilo liwe la haki na la heshima, ilhali tendo linalofanana nalo kwa kila hali limewahi kuwa mlango wa udhalimu mkubwa? Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Kigali, na uzito huo huongezeka anayepimwa anapokuwa mgeni, yaani mtu aliyehamia nchi ya watu, asiyejua bei, asiyejua lugha vizuri, na ambaye mwili wake ndio kitu pekee alichokuja nacho kisichohitaji tafsiri.

Kiyovu ni mtaa uliokaa kwenye mteremko jirani na katikati ya mji wa Kigali, wenye ofisi za balozi, hoteli, miti mirefu na nyumba zilizozungukwa na kuta, na wageni wengi wanaofika Rwanda kwa kazi hupanga huko. Kwa miaka mingi wenyeji walitofautisha Kiyovu cy'abakire, maana yake Kiyovu ya matajiri, na Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, hadi kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, nyumba za hao maskini zilipobomolewa ili kupisha mpango mpya wa mji na wakazi wake wengi wakahamishiwa Batsinda, pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo jina la mtaa huo lenyewe limekuwa kipimo. Mgeni akitoka huko kwa pikipiki ya abiria, ambayo Kigali huitwa moto, akaenda soko la Kimironko kununua kitenge na kutafuta fundi, swali la kawaida kabisa la mahali anapokaa, ambalo muuzaji huliuliza kwa ukarimu na kwa udadisi, humfanya ajibu kwa neno ambalo tayari limemwekea tarakimu kabla mkanda haujatolewa mfukoni.

Sokoni humo vitenge hupangwa kwa mafungu yaliyokunjwa na kusimamishwa wima mpaka juu ya kichwa cha muuzaji, na mnunuzi akinyoosha kidole, kipande huvutwa kutoka katikati ya ukuta huo wa rangi bila ukuta kuanguka. Mara nyingi kipande kimoja huwa na yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, ambazo hutosha gauni na kilemba, au mashati mawili ya mwanamume wa wastani. Ipo dhana kwamba mgeni anunuapo kitambaa hicho amepata kitu kilichozaliwa palepale, lakini historia ya kitenge ni historia ya safari: ufundi wa kuzuia rangi kwa nta, uitwao batiki, ulitoka Java, viwanda vya Uholanzi, kikiwamo Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, viliuiga kwa mashine, wanunuzi wa Afrika wakaupokea na kuuelekeza kwa ladha yao, na siku hizi sehemu kubwa ya vitenge vya sokoni huchapishwa Asia. Hata nguo ya kukatwa na kushonwa kwa umbo la mwili ni mgeni wa karibuni nchini humo, kwa maana mavazi ya kale ya Rwanda yalikuwa ngozi na impuzu, yaani nguo za magome ya mti wa mvumu, na vazi la heshima la wanawake, umushanana, mpaka leo hupitishwa begani na kufungwa, likimfuata mvaaji kwa mikunjo kuliko kwa mishono. Anayesimama mbele ya fundi, basi, si mgeni wa pekee katika kibanda hicho. Kitambaa nacho kilipokewa, kikazoeleka, kikawa cha nyumbani, na pengine hilo ndilo jambo la kwanza la faraja ambalo soko humpa mtu aliye ugenini.

Kisha huja mkanda. Mafundi wa Tanzania huuita futi, au futi kamba, ingawa una inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili, na fundi huuvaa shingoni muda wote wa kazi hata ukaonekana kama sehemu ya nguo yake. Huanza mabegani, hushuka mkononi, huzunguka kifua, kiuno na nyonga, na kila mara fundi mwenye adabu huingiza kidole kimoja kati ya mkanda na mwili, ili nguo isije ikambana mvaaji anapovuta pumzi. Macho yake huwa kwenye namba. Akimpima mwanamke asiye jamaa yake, humwachia ashike mwenyewe mwanzo wa mkanda, au humwita fundi wa kike wa kibanda cha jirani. Tarakimu huandikwa katika daftari kwa kalamu ya wino, na pembeni yake hubanwa kwa pini kipande kidogo cha kitambaa chenyewe, kisichozidi upana wa vidole viwili, ambacho hufanya kazi ya jina pale jina la mgeni linapokuwa gumu kuandika.

Katika sura ya 10 ya kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anaeleza fadhila inayoitwa kwa Kigiriki epieikeia, yaani uadilifu unaoirekebisha sheria pale ambapo sheria, kwa kuwa husema kwa ujumla, inashindwa kulienea jambo moja mahususi. Mfano anaoutoa ni wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, ambao walitumia rula ya risasi, madini laini yanayopinda, ili kipimo kilifuate jiwe badala ya kulilazimisha jiwe likifuate kipimo. Mfano huo ni mzuri, ila futi ya fundi inaukamilisha kwa namna ambayo risasi haiwezi, kwa sababu rula ya risasi hupinda tu na haihesabu, wakati mkanda wa fundi hupinda kwa kila bega na kila tumbo huku sentimita zake zikibaki zilezile kwa tajiri wa Kiyovu na kwa mchuuzi wa ndizi aliyeketi mlangoni mwa soko. Mambo haya mawili, ulaini kwa mwili na uthabiti wa namba, ndiyo yanayohitajika kwa pamoja ili kipimo kiwe cha haki, na penye kosa la kipimo daima moja kati yake limekosekana.

Rwanda inajua jambo hilo kwa maumivu kuliko nchi nyingi. Katika miaka ya 1907 na 1908 msafara wa kisayansi wa Duki Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita nchini humo ukiwa na mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kupima miili ya watu, na mafuvu ya Wanyarwanda yalichukuliwa katika enzi hiyo ya Wajerumani yakapelekwa Berlin. Waliofuata waliendelea kupima vimo, pua na vichwa ili kuthibitisha kwamba Watutsi, Wahutu na Watwa walikuwa mbari tofauti zenye thamani tofauti, na katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ukaanza kutoa vitambulisho vilivyomtaja kila mtu kwa kundi lake. Vitambulisho vya namna hiyo ndivyo vilivyoamua, kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994, nani apite na nani auawe katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Vifaa vya wapimaji wale havikuwa na kosa la hesabu, na huenda milimita zao zilikuwa sahihi kuliko sentimita za fundi yeyote wa Kimironko. Lililokosekana ni kusudi la kumrudishia mtu kipimo chake. Walipima wakachukua namba wakaondoka nazo, na namba zikarudi baadaye kama hukumu, ilhali fundi hupima na wiki inayofuata namba humrudia mwenyewe zikiwa na mikono, kola na vifungo.

Hapa ndipo lugha ya dini inapofika mbali kuliko lugha ya falsafa, kwa kuwa dini za Ibrahimu zinaanza historia ya binadamu kwa habari ya nguo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, Adamu na Hawa wanajishonea majani ya mtini, na baadaye Mungu mwenyewe, kabla ya kuwatoa bustanini, anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika, jambo lenye maana kwamba watu wa kwanza kwenda ugenini walikwenda wakiwa wamevikwa na yule yule aliyewahamisha. Kurani, katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 26, inaitaja nguo kuwa neema iliyoteremshwa kwa ajili ya kuficha tupu na kwa ajili ya pambo, kisha inalitaja vazi la ucha Mungu kuwa bora zaidi. Na masimulizi ya Kiislamu yanamhesabu Nabii Idrisa kuwa fundi wa kwanza kushona kwa sindano. Kiswahili kimeikusanya fikra hiyo yote katika neno stara, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kifuniko kinachoficha aibu ya mtu na kumhifadhi heshima yake, kiasi kwamba anayeficha kosa la mwenzake na anayemvika aliye uchi husemwa kwa kitenzi kimoja, amemsitiri. Kipimo cha fundi ni kipimo cha stara: ili kumfunika mtu sawasawa ni lazima kwanza kumjua alivyo, na kujua huko kunaruhusiwa kwa sababu mwisho wake ni kufunika. Mpimaji wa mafuvu alikwenda kinyume kabisa, akimfunua mtu ili ajulikane, na akaishia hapo.

Ipo sura moja ya Biblia inayoyaweka mambo haya pamoja kwa namna ya kushangaza, nayo ni sura ya 19 ya Mambo ya Walawi. Ndani yake mna katazo la kuvaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za aina mbili, na zaidi ya aya kumi baadaye inakuja amri ya kumpenda mgeni akaaye nchini kama mwenyeji, kwa sababu Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Na mara tu baada ya amri hiyo, bila amri nyingine katikati, yanafuata maagizo ya kutodanganya katika vipimo vya urefu, vya uzito na vya ujazo. Wafafanuzi wanaweza kuusoma mpangilio huo kuwa mkusanyo wa sheria zisizohusiana, lakini aliyewahi kununua kitambaa katika nchi isiyo yake hawezi kuusoma hivyo. Upendo kwa mgeni, ukitafsiriwa katika maisha ya kila siku, kwanza kabisa ni mita iliyotimia, kwa sababu mwenyeji akipunjwa ana ndugu, ana majirani, ana lugha ya kulalamikia, na mgeni hana.

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa yule aliyealikwa na kwa yule asiyejulikana. Kinyarwanda kinatenganisha: umushyitsi ni mgeni aliyepokelewa nyumbani, na umunyamahanga ni mtu wa nchi nyingine. Mtu akaaye Kiyovu huishi kati ya maneno hayo mawili, na mahali anapoonja tofauti yake ni katika bei. Wanasheria wa Kiislamu walimpa jina mnunuzi wa hali hiyo, wakamwita mustarsili, yaani mtu asiyejua thamani ya bidhaa wala ufundi wa kubishana bei, ambaye amejiachia kwa uaminifu wa muuzaji. Madhehebu ya Hanbali yanampa haki ya kuuvunja mkataba akigundua kwamba amepunjwa kupita kiasi, wakati madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika mwambao wa Waswahili, hayampi haki hiyo kwa sababu ya bei peke yake, kwa hoja kwamba angeweza kuuliza. Hoja zote mbili zina nguvu, na inawezekana kutetea pia kwamba mwenye nacho alipe zaidi, kwani fundi anayemtoza mkazi wa Kiyovu bei ya juu kidogo anafanya kwa faranga chache jambo ambalo kodi za serikali hulifanya kwa mamilioni. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuomba zaidi waziwazi na kuvuna ujinga wa mtu, na tofauti hiyo haifutwi na utajiri wa anayevunwa.

Ila lawama haiishii kwa muuzaji. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, jina lenye maana ya wapunjao, inawakemea watu wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa, na mgeni anayebishana bei ya mshono hadi siku mbili za kazi ya fundi zimekuwa na thamani ndogo kuliko chai na keki za mkahawani Kiyovu naye ni mpunjaji, hata kama amefundishwa na wageni wenzake kwamba kubishana ndiyo desturi ya mahali. Desturi ni kweli ipo. Ipo ndani ya mipaka ambayo wenyeji wanaijua, kwamba kila upande uondoke na uso wake, na mgeni anayejifunza nusu ya kwanza ya desturi bila nusu ya pili amejifunza kuiba kwa adabu.

Suala la mitumba linaongeza upande mwingine wa jambo hili. Nguo hizo Rwanda huitwa caguwa, neno lililotokana na Kiswahili chagua, wito wa wauzaji wanaomwaga marobota chini ili watu wachague. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na senti 50 kwa kilo, kwa nia ya kukuza viwanda vya nguo vya nchini, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusitisha nafuu ya kuingiza nguo za Rwanda katika soko lake bila ushuru. Uchumi wa uamuzi huo una watetezi na wapinzani, na maskini aliyezoea kuvaa kwa bei ya mtumba alibeba sehemu ya gharama yake, jambo ambalo haifai kulinyamazia. Lakini wazo lililokuwa chini yake lina uzito wa kifalsafa: shati la mtumba lilikatwa kwa kipimo cha mtu ambaye anayelivaa hatamjua kamwe, na Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, wakimaanisha kwamba stara ya kweli ina uhusiano na mwili wa mwenyewe. Mgeni anayekwenda kwa fundi, ambaye huenda kwao hakuwahi kupimwa kwa kuwa alinunua nguo dukani kwa herufi za ukubwa, hugundua Kigali, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kwamba bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto.

Baada ya vipimo mgeni huacha kitambaa na kuondoka, na hapo huanza swali la amana. Sheria ya Kiislamu inatofautisha fundi aletewaye kitambaa na mteja, ambaye kazi yake ni ijara, yaani mkataba wa ujira, na fundi anayetoa kitambaa mwenyewe na kuagizwa kutengeneza, mkataba uitwao istisnai, ambao Wahanafi waliukubali ingawa kinachouzwa hakijakuwapo bado. Katika ijara kitambaa ni amana mikononi mwa fundi, na kwa kanuni ya kawaida mwenye kushika amana halipi kikiharibika bila uzembe wake. Lakini imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwawajibisha mafundi kulipa, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatengenei bila hivyo. Shafi, katika Kitabu cha Umm, anaeleza hitilafu ya wanazuoni wawili wa Iraki kuhusu mwenye kitambaa anayedai kwamba aliagiza kanzu na fundi anayedai kwamba aliagizwa joho: Abu Hanifa alilikubali neno la mwenye kitambaa, Ibn Abi Laila akalikubali neno la fundi. Karne zaidi ya kumi na mbili baadaye mzozo huohuo hutokea Kimironko, kati ya mgeni aliyeeleza mkono mrefu kwa ishara na fundi aliyezielewa ishara kwa namna yake. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mgeni kutoka Mombasa, Bujumbura au Bukavu hupata nafuu, hasa Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Waislamu wa Kigali ambako Kiswahili kimesemwa tangu enzi ya Wajerumani. Lakini hata lugha moja haiondoi ukweli kwamba anayeacha kitambaa chake kwa mtu asiyemjua amekubali kungoja, na kungoja ni namna ya imani.

Kusini mwa Kigali, katika kanisa la Nyamata lililogeuzwa kuwa ukumbusho, nguo za waliouawa humo mwaka 1994 ziliwekwa juu ya mabenchi ya waumini, zikiwa zimepoteza rangi na kuwa na rangi moja ya vumbi. Anayezitazama kwa makini bado huona pindo lililoshonwa kwa mkono, kiraka, gauni la mtoto lililoachiwa pindo nene ili lishushwe akirefuka. Kila moja ilikuwa ya kipimo cha mtu fulani, na hakuna kitambulisho kinachoweza kusema juu ya mtu huyo kwa unyofu kama upana wa mabega yake unavyosema katika gauni hilo. Fundi wa Kigali mwenye umri wa kutosha anayajua hayo bila kuyasoma popote, na bado kila asubuhi huvaa futi shingoni na kupima wanaokuja, wa kwao na wa mbali.

Siku ya kujaribisha nguo mgeni huigeuza ndani nje, kama wageni wengi wanavyofanya ili kukagua mishono, na hukuta ubavuni, kila upande, kitambaa cha ziada cha upana wa kidole gumba kilichokunjwa na kupigwa pasi bila kukatwa. Akiuliza kwa nini hakikuondolewa, fundi hueleza kwamba mtu hunenepa na mtu hukonda, na kwamba popote atakapokuwa, hata nchi ambayo fundi hataiona, atakuwapo mwenzake wa kuufungua mshono huo na kuutoa mpaka mwisho wa kitambaa.